Kiti cha Katikati

Fundi wa miwani alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga duka alilivuta kufuli, akaondoka, kisha akarudi kulivuta tena, hata muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara akawa anamtania: "Baba Mapacha, hilo kufuli utaling'oa siku moja!" Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na mpiga picha za pasipoti. Ndani mlikuwa na kaunta ya kioo, mashine ya kusagia lenzi, na bisibisi nyembamba kama sindano zilizosimamishwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Humo hakuogopa kitu. Nje ya hapo aliogopa mitungi ya gesi, lifti, mbwa wa jirani, na kupita vyote, maji mengi. Hakujua kuogelea, na jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke wa sauti kubwa na usingizi mchache. Tangu mapacha wao waende kusoma mbali, kila likizo alipakia hema kwenye gari akamtoa mumewe mjini. Milima wakaipanda, misituni wakalala. Ndipo siku moja akarudi nyumbani na kitu kirefu juu ya gari, bapa kama ubao wa kupigia pasi.

"Boti," alisema, macho yanang'aa. "Ya kukunja. Unaibeba kama mkeka, unaifungua ukifika."

Fundi alicheka, akaizunguka mara mbili bila kuigusa.

Waliifungulia kwenye nyasi, kando ya ziwa, pale walipopiga hema. Mbavu zake zilikuwa za plastiki nene, zinasukumwa huku na huku, halafu viti vinapachikwa ndani kuzizuia zisirudi. Muuzaji alikuwa amesisitiza: kiti cha katikati ndicho kinachoishika boti. Kila upande kinafungwa kwa pini, na pini ikiingia sawasawa inalia ta.

Ya kulia ililia. Ya kushoto fundi aliisukuma, na hakusikia kitu. Alitaka kuinama aitazame, lakini mkewe alishaanza kuiburura boti majini.

"Panda bwana, jua litatuchoma!"

Fundi akavaa jaketi la kuelea, akapanda, akakaa kiti cha katikati. Mkewe akakaa nyuma na kafi lake. Walikuwa wanavuka kwenda upande wa pili wa ghuba, kwenye mchanga mweupe, wakanywe chai ya chupa na kurudi.

Ufukwe ulipobaki mbali, fundi aliisikia sakafu ikipanda na kushuka chini ya nyayo zake, kama tumbo la mnyama aliyelala.

"Hii kupumua hivi ni kawaida?"

"Kawaida. Ndiyo raha yake."

Hapo ndipo alipoitazama pini ya kushoto. Ilikuwa imechomoza nje, si sana, unene wa lenzi ya mzee. Akaisukuma kwa kidole gumba. Haikuingia. Kila boti ilipopumua, pini nayo ilitoka kidogo. Jasho jembamba likamtiririka mgongoni. Angesema. Lakini aliona aibu: mwanamume mzima, fundi, kashindwa kufunga pini. Akaweka kidole juu yake akaibonyeza, akapiga kafi kwa mkono mmoja.

"Mama Mapacha, turudi. Tumbo linanikata."

"Jikaze, tumeshapita nusu."

Upepo ulianza bila kubisha hodi. Maji yaliyokuwa laini yakakunjamana, yakainuka. Wimbi la kwanza liliwapiga ubavuni, kidole cha fundi kikateleza, na pini ikaruka ikatumbukia ziwani. Kiti kikapinda chini yake. Ubavu wa kushoto ukaanza kuja ndani, taratibu, kama kitabu kinachofungwa, na wao wakiwa katikati ya kurasa. Maji yakamwagika juu ya mapaja yao.

"Nini hicho?" mkewe alipiga kelele. "Umefanya nini?"

"Pini! Haikuingia tangu asubuhi!"

"Na umenyamaza?"

Fundi alikuwa amejitupa sakafuni, anajaribu kuusukuma ubavu kwa mikono, na mikono haikutosha. Akageuka, akabana miguu upande mmoja na mgongo upande mwingine, ili mwili wake ukae pale kilipokuwa kiti. Jaketi likamzuia. Lilikuwa limevimba mgongoni kama mto, linamsukuma juu, hashiki.

Alijua la kufanya, na kulijua kulimkata maini. Vidole vilitafuta kifungo, vikakikosa, vikakitafuta tena. Yeye, asiyeweza kukanyaga lifti, alivua jaketi katikati ya ziwa, akashuka ndani ya maji yaliyojaa sakafuni, akabana mgongo na miguu, akasukuma. Boti ikafunguka.

"Piga kafi!" alisema. "Piga, siwezi kukaa hivi!"

Kutokea pale alipolala hakuona ufukwe wala mawimbi. Aliona anga na kidevu cha mkewe. Kila wimbi lilimkamua kama nguo. Maji ya kitovuni yakapanda kifuani.

"Unaona nini?"

"Nchi kavu."

"Karibu?"

"Karibu."

"Usinidanganye!"

"Wewe sukuma!" Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya wodini. "Pumua, sukuma! Usiachie! Haya tena, sukuma!"

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo fundi alisukuma huku akilia bila sauti, na kitu fulani ubavuni mwake kikalia kah.

"Sijui kuogelea," alisema.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Mtu anaoga bafuni ameshikilia bomba, nisijue?" Akapiga kafi, akahema. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, "Na mimi naogopa, Baba Mapacha. Naogopa sana."

Hapo ndipo hofu ilipomshika kabisa. Maisha yote ya ndoa alikuwa ameogopa akijua kuna mtu mmoja nyumbani asiyeogopa. Sasa hapakuwa na mtu. Alifumba macho akasukuma.

Upepo uleule uliotaka kuwamaliza ndio uliowatupa kwenye matete, mbali na mchanga waliokuwa wanauendea. Boti iliposuguana na tope, mkewe aliruka akazama magotini. Fundi hakuweza kunyoosha miguu. Ilibidi avutwe kwa makwapa, na alipotoka tu, boti ikajikunja nyuma yake, pwaa, ikawa bapa. Wakaitazama. Wakakaa kwenye tope wameshikana, meno yakigongana, mpaka mkata matete aliyesikia kelele zao akaja kuwaonyesha njia.

Ubavu wa fundi uliovunjika ulipona. Kilichokuwa ndani hakikupona upesi. Mashine ya kusagia lenzi hudondosha maji juu ya jiwe, tii, tii, na fundi alipoyasikia mkono ulianza kutetemeka, lenzi ikaharibika. Akaharibu nyingi. Mwishowe akaifunika mashine kwa taulo, akawa anakaza skrubu na kubadilisha fremu tu, wateja wa lenzi akiwaelekeza kwingine.

"Tuiuze hiyo boti," mkewe alisema wakati wa chakula.

"Usiiuze."

"Kwa nini?"

"Sijui. Usiiuze tu."

Akajiandikisha kwenye bwawa la kuogelea la mjini, darasa la watu wazima. Siku ya kwanza alikaa garini na taulo mapajani, akarudi nyumbani. Siku iliyofuata aliingia, akashika ukingo mpaka darasa likaisha. Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye filimbi, hakumharakisha. Mkewe alikaa kwenye benchi na sare zake za kazini, akisinzia. Miezi ikapita kabla hajauachia ukingo, na alipouachia, alikunywa maji akatapika. Akarudi tena wiki iliyofuata. Siku aliyovuka upana wa bwawa peke yake, alirudi dukani nywele zikiwa bado mbichi, akaondoa taulo kwenye mashine.

Likizo nyingine walipofika ziwani, boti ikiwa na kiti kipya na pini mpya, fundi aliomba wasitoke pale ambapo chini kunaonekana. Mkewe akakubali. Fundi aliogopa tangu walipopanda. Mkono wake ulishika ukingo wa boti hadi vidole vikapauka.

"Unaogopa?" mkewe aliuliza.

"Sana."

"Turudi?"

Alitazama mchanga chini ya maji, na samaki wadogo wakipita juu ya kivuli cha boti.

"Bado kidogo," alisema.