Kiti cha Hajati

Mimi sikusoma, lakini nilibeba marobota ya mitumba katika soko la Owino mpaka nikapata duka langu. Kwa hiyo manesi walipotuambia sisi wakazi wa makao ya wazee tuinue chupa za mchanga kila asubuhi, nilicheka. Mazoezi gani hayo? Nikakaa pembeni kutazama.

Jirani yangu, mjane wa askari tunayemwita Hajati, hakukosa hata siku moja. Miguu yake ilikuwa imeishiwa nguvu, akawa anaswali kitini. "Nataka paji langu liguse chini tena," alisema, "halafu niinuke bila kunyanyuliwa kama gunia."

Siku ya kupimwa, mizani ikaonyesha uzito uleule wa mwanzo. Nikamtania, "Hajati, umetoka jasho la bure!"

"Wewe mzee wa Owino," akajibu, "marobota yako yote ulipima uzito tu? Hukuwahi kufungua ukaona kilichomo?"

Nesi akanieleza kwamba mafuta yamepungua na nyama ya mapaja imeongezeka, ndiyo maana kilo hazikusogea. Sikuamini.

Ijumaa Hajati alitandika mswala sakafuni, akasujudu. Ulipofika wakati wa kuinuka nikasogea, tayari kumnyanyua. Akainua goti moja, kisha la pili, akasimama wima peke yake. Mwanamke yule ni jeshi zima, nasema kweli.

Alipomaliza kuswali akanisukumia kile kiti alichokuwa akiswalia. "Chukua, mzee. Sasa ni chako."

Nilikikataa. Jumamosi nilisimama mstari wa mbele wa mazoezi, na chupa zangu zilikuwa nzito kuliko za wote, isipokuwa zake.