Dakika Kumi za Makambako

Basi zile dakika kumi nilizowaringia hapa jana zimeliwa na baba mkwe. Zote!

Kutoka Dar mpaka Mbeya, kwenye kituo kipya cha kazi cha mume wangu, ni kama saa kumi na tatu kwa basi. Katika hizo, mimi nilikuwa na dakika kumi tu za kumwona akipita, abiria wakila na kuchimba dawa Makambako.

Wiki tatu za ndoa, jamani. Dakika kumi ni karamu!

Nikatoka Njombe na ukungu wa asubuhi, sweta nililomfumia nimelipakata. Basi likaingia. Mlango ukafunguka, nami mbio, mikono wazi...

Anashuka baba mkwe! Kumbe kapandia Iringa, anatoka msibani.

Mikono nikaishusha, nikapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Mama hajambo? Viazi mmeshavuna? Mvua je? Na yule ng'ombe, kazaa?"

Nyuma yake mume wangu anacheka kimyakimya. Sasa nitainukaje, na mkwe hajamaliza salamu?

Honi!

Mume wangu akarudi garini, sweta nikampa kupitia dirishani. Vidole vyetu vikagusana, gari likaondoka.

Baba mkwe akanikabidhi begi lake, uso umechanua. "Yaani umetoka Njombe mpaka huku kunipokea mimi?"

Ninyi mngejibuje?

Nilisema, "Ndiyo, baba." Nikambebea mpaka kwake Mahongole.

Mume wangu, kabla mwezi haujaisha nakuja Mbeya. Salamu za baba nimeshazimaliza.