Mizani ya Kitalu cha Nne

Siku hizi Eudocia Ticllas hana kazi ila kukaa kwenye kigoda sokoni Jauja, mji wa milimani, mkwewe akiuza viazi. Ole wako umwulize habari za kituo cha utafiti alikofanya kazi miaka thelathini! Utasimuliwa mpaka miguu ife ganzi. Na kila mara atarudi kwenye mwaka ule ule.

Mwaka huo zilishindanishwa aina kumi na mbili za viazi. Nne bora zingegawiwa wakulima, nyingine zitupwe. Aina ya kumi na mbili ilikuwa mbegu ya mamake, Paskuala: viazi vyeusi, vyenye vifundo, ambavyo bonde zima hakuna mwingine aliyekuwa navyo tena. Eudocia alimzika mamake mwezi wa kupanda, akarudi kazini na kigunia cha mbegu hiyo begani.

Mhandisi Abelardo, kijana wa Lima, akatandaza mchoro wake. "Kila aina mstari mmoja, tunapima mara moja, kazi kwisha."

"Hee! Bwana Mhandisi, ushawahi kulala huku wewe? Juu ya mteremko kuna afadhali, chini jalidi, baridi ya kugandisha, inababua majani. Aina utakayoipanga chini umeshaiua."

"Sasa unatakaje, Mama Mdomo?"

"Likate shamba vitalu vinne, toka juu mpaka chini. Kila kitalu kiwe na aina zote. Na kila kimoja kipimwe siku yake, mkono mmoja, mizani moja, kiandikwe peke yake."

Abelardo akacheka, akakuna kichwa, akachukua rula.

Februari jalidi ikashuka. Kulipokucha kitalu cha nne kilikuwa cheusi tii.

Wakati wa mavuno Eudocia alipima vitalu vitatu vya juu kwa siku tatu. Viazi vya mamake vikawa vya saba, vya nane, vya saba tena. Nani angejua kama angeongeza kilo mbili? Mkono ulimwasha, lakini aliandika kilichosema mizani, na nyumbani alilia mpaka supu ikapoa.

Siku ya nne Abelardo akasema, "Cha chini tukifute tu. Kimekufa kile."

"Kilipandwa, kitapimwa."

"Ubishi gani huu, jamani?"

"Wa mama yangu. Mimi nimeurithi tu."

Akachimba. Mstari wa kwanza, uozo mtupu. Wa pili, vivyo hivyo. Mpaka wa kumi na moja hakupata hata cha kujaza sufuria. Kwenye wa mwisho jembe likagonga viazi. Kilo kumi na tisa.

Abelardo akachuchumaa. "Hebu pima tena."

"Mara moja, mkono mmoja. Usiniharibie kitalu changu," alisema, machozi yakimtiririka.

Vitalu vyote vingejumlishwa pamoja, viazi vile vingetupwa. Kwa vile kila kimoja kiliandikwa peke yake, Abelardo aliviombea nafasi ya tano, kwa vijiji vya jalidi, akakubaliwa.

"Vinaitwaje?" akauliza.

Nyumbani havikuwa na jina. Vilikuwa viazi vyetu, basi. Eudocia akamtajia jina la mamake.

"Bado mna Paskuala?" wanauliza siku hizi sokoni wanawake wanaoshuka kutoka milimani. "Nipimie Paskuala kilo tatu, dada."

Mamake hakuwahi kufika soko hili maisha yake yote. Sasa kila Jumapili anaitwa tangu alfajiri, na Eudocia huwahi kigoda chake asije akakosa hata mara moja.