Mikono Juu, Uso Ukutani

Majira yote ya baridi, kila Jumapili baada ya ibada, sebule ya dada yangu kule Ixelles, Brussels, iligeuka ofisi ya upelelezi. Tulifuatilia tamthilia ya Kikorea: mtoto wa miaka minane amekutwa amekufa kwenye ngazi za jengo la kifahari, na inspekta wa kike asiyecheka hata kwa bahati mbaya anamtafuta muuaji. Mwenyekiti wetu alikuwa shemeji, mume wa dada na mzee wa kanisa. Maandishi ya Kifaransa chini ya picha yalisomwa na jirani mzaliwa wa Bukavu, maman mwenye saluni mtaa wa Wakongo, Matonge, aliyesoma mstari mmoja na kuongeza mitatu ya kwake. Mimi, mwenye shahada mbili za falsafa, nilikula sambusa.

Washukiwa hawakupungua. Bibi alishukiwa kwa kuwa anakula peke yake. Dereva, kwa kovu lake. Hata inspekta hakusalimika.

"Mwanamke miaka arobaini hana mume," alisema shemeji. "Huyo ana lake jambo."

Kisha, Jumapili ya mwisho, tamthilia ikaturudisha nyuma: yule mtoto, angali hai, amepiga magoti, uso ukutani, mikono juu, na baba yake amekaa nyuma yake akisoma gazeti. Sebule ikalipuka kwa furaha.

"Kumbe na wao!" Shemeji alipiga makofi.

"Mutoto mikono juu, kabisa kama kwetu!" Maman alishangilia. "Bon, hiyo sasa ni éducation. Papa muzuri huyo. Hawezi kuua muntu."

Shemeji alipiga magoti palepale zuliani, na suti yake ya kanisani, kutuonyesha jinsi viwiko visivyotakiwa kukunjwa. Tulicheka mpaka machozi. Baba wa Kikorea akafutiwa tuhuma zote kwa kauli moja. Sijapata kuona mahakama iliyoafikiana upesi kiasi hicho.

Dada peke yake hakucheka. Keshokutwa, Jumanne, alitakiwa shuleni. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amemwaga rangi darasani, na kabla mtu hajasema neno akaenda ukutani, akapiga magoti, akainua mikono. Mwalimu alipomwambia ainuke, alijibu kwamba muda wake haujaisha. Dada alikuwa amesikia habari za watoto wanaochukuliwa na serikali, na tangu hapo alikuwa halali usiku.

"Sema ni sala," shemeji aliamua. "Wazungu hawathubutu kugusa dini ya mtu mweusi."

"Voilà!" Maman aliunga mkono.

Kwa kuwa Kifaransa cha dada hakikutosha kwa mambo mazito, kutafsiri kuliniangukia mimi. Nilianza papo hapo kutunga sentensi ya kupendeza, yenye neno "utamaduni" mara mbili. Ndiyo kazi tuliyosomeshewa.

Baada ya chai tukatazama sehemu ya mwisho. Muuaji alikuwa baba. Inspekta alimshuku tangu alipoona sugu kwenye magoti ya maiti.

Shemeji akatoa hukumu: "Mwandishi kachoka huyu. Hakutupa dalili hata moja."

"Mimi nilimjua," ilisema sauti kutoka zuliani. Alikuwa binti wa dada, aliyeegemea miguu ya mama yake. Tulikuwa tumemkataza kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Kutazama maiti hatukumkataza.

"Ulimjuaje wewe?" baba yake akauliza.

"Alikuwa anasoma gazeti."

Shemeji, ambaye gazeti lake ni simu, aliitia mfukoni.

Jumanne tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu, mbele ya mwalimu kijana aliyekuwa na wasiwasi kutuzidi. Nilikohoa, nikaanza na utamaduni. Dada akanishika mkono.

"Iache hiyo sala. Mwambie ni adhabu. Mwambie baba yake humpigisha magoti, na mimi hupita hapo nikienda jikoni."

Nikatafsiri. Ilikuwa sentensi fupi kuliko yangu, na mwalimu aliielewa mara moja. Alisema mtu wa huduma za familia angefika nyumbani kuzungumza nao wote, na kwamba hakuna anayekuja kumbeba mtoto. Dada alitikisa kichwa kukubali, bila kumwamini hata kidogo.

Jumapili iliyofuata shemeji aliweka mpira kwenye runinga, baada ya kutangaza kwamba Wakorea hawajui kulea. Dakika chache tu baadaye, binti akamwaga juisi kwenye zulia. Sote tuligeuka kuutazama ukuta. Hata maman, ambaye si wa nyumba ile. Mtoto naye aliutazama, mikono ikianza kuinuka.

Dada akamrushia kitambaa.

"Futa."

Alifuta polepole, jicho moja kwa baba yake. Shemeji alikohoa, akajinyoosha kwenye kiti, akatafuta pa kuipeleka hasira yake, kisha akaanza kumtukana refa.