Mahali Anapolala Shangazi

Nilimwambia shangazi yangu kwamba jina lake liko salama, kisha nikakaa siku tatu bila usingizi wa maana, kwa sababu sikujua liko wapi.

Kazi yangu ilikuwa kuandikisha familia zilizorudi mjini kwetu baada ya kukimbia vita. Nilipewa simu ya kazi na programu yenye maswali: jina, idadi ya watu nyumbani, namba ya simu, unalala wapi. Hilo la mwisho liliwekwa kwa sababu wengi mchana walikuwa mjini wakijenga upya, lakini giza likiingia walirudi mashambani kulala kwenye vibanda vya mihogo. Shirika la misaada lililoniajiri lilitaka kujua ni wangapi bado wanaogopa. Aliyeandikishwa angepata mabati.

Siku ile ya kukimbia, karani wa mtaa aliacha daftari la majina mezani. Hakuna anayejua liliangukia mikononi mwa nani. Tangu hapo, mtu akija na kalamu, watu wa kwetu humpa jina la marehemu, au la ndugu aliyeko ng'ambo ya Ruvuma. Mwandikishaji aliyenitangulia, kijana mwema kutoka Maputo, alipeleka orodha iliyojaa watu waliokwisha kuzikwa. Mimi niliajiriwa kwa sababu watu hawanidanganyi. Mimi ni binti yao. Shangazi alinitajia jina lake kamili, la kwenye cheti, na akanionyesha kwa kidole kibanda chake kiko upande gani wa shamba.

Nilipomuuliza mratibu wetu aliyeko Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, data inakaa wapi, alinijibu kwa simu:

"Irlanda, kule Ulaya."

"Na kampuni yenye seva?"

"Ya Kimarekani."

"Sasa ni sheria ya nchi ipi?"

"Dotora," akasema, na najua hilo jina la wasomi huniita akichoka nami, "hivi chuoni ulisomea utawala au ulisomea wasiwasi? Tuma orodha Ijumaa."

Nikaanza kusoma mwenyewe, kama mtu anayetafuta dalili za ugonjwa wake. Nilielewa kwamba Ulaya wana sheria kali, inayoilinda data ya mtu hata ikivushwa nje. Nikapumua. Kisha nikasoma kwamba kampuni za Marekani zinaweza kuamriwa na mahakama ya kwao kutoa data hata kama kompyuta zenyewe ziko nchi nyingine. Pumzi ikarudi ndani. Tanzania, hapo tu ng'ambo ya mto, wameweka masharti kabla taarifa za mtu hazijatoka nchini. Urusi na China zinataka data fulani za raia zibaki nyumbani. Kwetu nilikuta vifungu vya faragha kwenye katiba na sheria ya miamala ya kielektroniki, lakini sheria moja kamili ya data binafsi sikuipata. Huenda ipo nami sikuiona, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Nikawaza kwamba afadhali seva ingekuwa hapa nchini. Halafu nikajiuliza: ikikaa nyumbani, ni nani hapa nyumbani atashindwa kuifungua?

Alhamisi nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuniandika tena? Sijazaa tangu juzi."

"Nimekuja kukwambia kitu. Nilisema jina lako liko salama. Sijui kama ni kweli."

Hakuacha kumenya. "Litakwenda wapi?"

"Ulaya. Kwenye kompyuta za kampuni ya Marekani."

"Huko wananijua?"

"Hawakujui."

"Sasa unalia nini? Mimi nawaogopa wanaonijua. Hapa kwetu nani ataliona?"

"Yeyote wa shirika mwenye senha, yale maneno ya siri ya kuingilia. Na mkubwa fulani akija kuiomba orodha, sijui sheria ipi itamzuia."

Hapo kisu kikasimama.

"Jina waache nalo, mwanangu. Mabati nayataka. Lakini ninapolala nilikwambia wewe. Sikuiambia simu. Umeshatuma?"

"Bado. Iko humu ndani. Kesho Ijumaa nikifika penye mtandao inajituma yenyewe."

"Basi usifike," akasema, akacheka, kisha akanitazama mpaka nikajua kwamba hakuwa anatania.

Nilizima data ya simu papo hapo. Nilikuwa na kaya arobaini na mbili, na zote zilinijibu kwa sababu ileile iliyomfanya shangazi anijibu. Programu haikukubali nafasi tupu. Nilifikiri kuandika "hakusema", lakini huo ungekuwa uongo, na lawama ingewaangukia wao kana kwamba wamekataa kuulizwa. Kwa saa nzima niliandika na kufuta. Mwishowe, kwenye kila fomu, mahali pa kulala, nikaandika: "Imezuiwa na mwandikishaji." Halafu nikahesabu kwa kichwa wangapi wanalala mashambani, nikamwandikia mratibu ujumbe: idadi ni hii, ni akina nani hasa sitasema, na kama mkataba wangu utakatizwa kwa sababu hiyo, aniambie mimi, asiwaguse wao kwenye mabati.

Ijumaa asubuhi nilipitia fomu zote mara tatu. Mara ya nne nikajizuia. Nikatembea hadi karibu na mnara wa simu, nikawasha data, na nikasimama pale juani mpaka fomu ya arobaini na mbili ilipotoka.