Propela ya Mapanga Matatu

Mume wangu Ismaili ni mtu wa Mlola, wa mboga na milima, lakini riziki yake aliipata Tanga, akifunga propela, zile feni za chuma zinazosukuma maji, kwenye boti za mashindano. Aliyempeleka kujifunza ufundi huo ni mjomba wake, Mzee Salimu, aliyemlea tangu baba yake afariki. Kwetu mjomba habishiwi. Akisema kaa, unakaa. Ujinga wote wa habari hii umeanzia hapo.

Heri, mtoto wa mjomba, ndiye aliyeendesha boti. Asubuhi ya mashindano Ismaili alijaribu propela mbili. Ya mapanga matatu, injini ikiwa imepandishwa juu, iliikimbiza boti kwa kasi ya ajabu kwenye mstari ulionyooka. Lakini kwenye kona ilinyonya hewa, ikateleza, kisha ikashika maji ghafla na kuirusha boti upande. Basi akafunga ya mapanga manne, akaishusha injini kidogo. Boti ikatulia, mwendo ukapungua. Heri akanuna, akaenda kumshtaki kwa baba yake, ambaye alikuwa ameshuka mlimani kuja kumtazama mwanawe.

"Rudisha ile ya mwanzo," mjomba akasema. "Na injini uipandishe."

"Mjomba, kwenye kona itanyonya hewa, itampindua Heri."

"Nani alikushikisha hiyo spana?"

Mume wangu akainama, akafungua nati.

Boti ilipinduka kwenye kona. Heri tulimzika Mlola, na pale pale makaburini mjomba akasema mbele ya watu kwamba aliyefunga propela ndiye aliyemuua mwanawe. Ismaili akanyamaza. Alinyamaza! Nilitamani kumtikisa mabega.

Tangu hapo hajashika spana, amebaki Mlola analima kabichi. Kila siku ya soko humwamkia mjomba, na mzee hugeuza uso. Kunyimwa marahaba na aliyekulea ni kuambiwa wewe si wa ukoo, na mume wangu hataki kingine duniani ila jibu hilo.

Juzi sokoni uvumilivu ulinishinda.

"Uliagiza wewe, baba!" nikamwambia mzee. "Yeye alikuonya!"

Ismaili akanishika mkono. "Omba radhi. Sasa hivi."

Nikapiga magoti kwenye majani ya kabichi, moyo unaniwaka. "Nisamehe, baba. Shikamoo."

"Marahaba," mzee akaniitikia.

Ismaili akasogea haraka. "Shikamoo, mjomba."

Mjomba alikuwa ameshageuka, anachagua nyanya.