Dereva Aliyenitangulia

Anayetaka kucheka na acheke sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Mimi ni mchinjaji wa mjini Embu. Nimeishi maisha yangu yote na visu na vichwa vya mbuzi, na mtu wa kazi hiyo hatishwi na vivuli. Niamini.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Ninyi mliozaliwa juzi mnaisikia tu. Watu walikuwa wametolewa mashambani kwao wakasongamanishwa vijijini, kila kijiji kimezungushiwa handaki lenye vigingi vilivyochongoka. Hutembei bila kipande, ile hati ya utambulisho. Jua likizama ni kafyu, na anayekutwa njiani hupigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Mimi nilikuwa nikinunua mbuzi upande wa Karurumo na kuwaswaga kwa miguu hadi Embu. Wakifika wamekonda, nami nimekonda kuwashinda, moyo uko mdomoni kwa kuliangalia jua. Nikasema heri gari, hata liwe kuukuu, mradi linifikishe nyumbani mapema.

Nyuma ya duka la Mhindi mmoja palikuwa na magari matatu ya kuuzwa, yote yamekwisha kutumika. La kwanza lilikuwa dogo, la buluu, linang'aa. Mke wangu Mwanaidi alilipenda papo hapo, apate kwenda nalo harusini. Nikamwuliza mbuzi watakaa wapi, mapajani mwake? Akanuna. La pili lilikuwa lori, na lori lile lingekunywa petroli mpaka linywe na duka langu la nyama. La tatu lilikuwa pikapu ya kijivu yenye bodi ya mbao, mlango wa dereva umepakwa rangi mpya isiyolingana na nyingine.

Sasa mbuzi simchagui kwa rangi. Nampapasa kiuno, nampanua mdomo, halafu namtembeza. Gari nalo nikalifanyia vivyo hivyo. Kwanza niligusa boneti kuhakikisha ni baridi, maana mwuzaji mjanja huliwasha asubuhi ili mteja akija liwake kwa urahisi. Nikafungua rejeta, maji hayakuwa na mafuta. Nikatazama tairi kama zimelika upande mmoja. Halafu nikaingia chini kuona tumbo limeinuka kiasi gani, kwa sababu ya mawe.

Nilipotoka chini nikamkuta kijana amesimama upande wa pili, viganja vyake juu ya boneti kama mtu anayeota moto. Alikuwa wa umri wangu. Alivaa koti la mvua la kahawia, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na siku ile jua lilikuwa kali.

"Chukua hii, ndugu," akaniambia. "Hiyo ndogo tumbo iko chini, mawe itaimaliza. Hii inawaka mara moja. Lakini gia ya pili inaruka. Ukipanda mlima uishikilie na goti."

Nikamwuliza kama yeye ndiye fundi wa pale. Akatabasamu tu. Mhindi akaniita kutoka barazani, "Bwana, sasa unaongea na gari?" Nikadhani ni mzaha wa kibiashara. Wewe ungedhani nini?

Nikainunua. Mwanaidi akarudi nyumbani bila kunisemesha, nami nikashika njia ya Karurumo kuchukua mbuzi walioningoja. Mji ulikuwa haujaisha nilipogeuza kichwa na kumwona yule kijana amekaa kando yangu, mikono juu ya magoti. Sikusikia mlango. Nilitaka kupiga kelele, lakini miaka ile kila mtu alimwogopa mwenzake, na wapelelezi walikuwa wengi kuliko chawa. Nikafikiri ni mmoja wao.

"Nifikishe Karurumo kwa mama," akasema. "Tangu wanichukue sijafika nyumbani."

"Una kipande?"

"Siku hizi hakuna mtu ananiuliza."

Tukaenda. Kwenye mteremko wa mto mmoja, tulipoanza kupanda ng'ambo, gia ya pili ikaruka kama alivyosema. Kabla sijaleta goti langu nikaona lake limekwisha kusogea, likabana hewa kama la dereva aliyeizoea gia ile. Ndipo nilipoanza kusikia baridi mgongoni.

Mbele kidogo tukasimamishwa na homgadi, wale askari wa kienyeji wa serikali. Mmoja akataka kipande changu, akakisoma, akakirudisha. Mwenzake akaja dirisha la kushoto, akaingiza mwili wake nusu, akaegemeza kiwiko pale pale kifuani pa kijana, akawasha sigara. Kiwiko kilizama hadi kwenye ngozi ya kiti. Kijana hakusogea. Aliniangalia mimi tu, kwa aibu, kama mgeni aliyekutwa hajavaa vizuri.

"Uko peke yako?" akauliza yule homgadi.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Tulipoachiliwa niliendesha, macho nimeyakaza barabarani. Yeye ndiye aliyezungumza, kwa upole, kana kwamba ananituliza. Akasema pikapu ile aliiendesha yeye, kwa tajiri mmoja. Siku moja alisimamishwa na askari akiwa na gunia la mahindi la mama yake. Wakasema anawapelekea chakula watu wa msituni. Hapo akashika ukosi wa koti lake. Sikumwuliza kuna nini chini ya vile vifungo.

"Mama hajaambiwa," akasema. "Kila jioni ananitengea chakula. Hapo kijijini watu wanakufa njaa, na yeye anaweka sahani yangu. Mwambie asiniwekee tena. Mwambie ale."

Nikamwuliza kwa nini asimwambie mwenyewe. Akasema sauti yake haimfikii. Kwenye kona ya mwisho akaniomba nipige honi mara mbili, fupi fupi. Nikapiga.

Mwanamke mmoja akatoka mbio kwenye lango la kijiji. Mbio, nawaambia, na alikuwa mifupa mitupu. Mkononi alishika sahani ya bati yenye githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ameikumbatia isimwagike. Homgadi wa langoni alimwita, hakumsikia. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha la dereva, uso wake wote umefunguka kwa furaha, na kwenye dirisha hilo akakutana na sura yangu mimi. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizimika vile, wala siombi kuuona tena. Nikageuka ili kijana anisaidie. Kiti kilikuwa kitupu.

Nimezaliwa Embu na Kiembu nakijua. Nikashuka, nikamwambia kwa lugha yake kwamba mwanawe amenituma. Nikampa maneno yale kama nilivyopewa. Kifo sikukitaja.

Yule mama alinipima kwa macho, kichwani hadi miguuni. Halafu akaniuliza, "Ulitahiriwa mwaka gani?"

Nikamwambia mwaka wa nzige.

"Basi ni rika moja. Kula wewe."

Lazima mjue jambo hili. Kwa watu wale, chakula kilichotengewa mwana aliyekwisha tahiriwa hakirudi chunguni, na mama yake hakigusi. Hukila mwenyewe, au hukila mtu wa rika lake, kwa kuwa naye ni mwana. Lakini rika lote la pale kijijini lilikuwa limefagiliwa, wengine vizuizini, wengine hawajulikani. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kutenga kingine, alikuwa akimwaga chakula cha jana yake, huku tumbo lake linamnguruma.

Nilikula nimesimama kando ya barabara. Githeri ilikuwa imepoa, na machozi yalinidondoka humo humo. Alisimama mbele yangu mpaka nilipomaliza, akapokea sahani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Mwanangu ni mchoyo wa chakula," akasema. "Angekuwa hai asingemtuma mtu aje amlie sahani yake." Akageuka, akarudi ndani taratibu.

Juma lililofuata nilirudi. Nilimletea nyama, nzuri, ya kiuno. Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyeipika, maana nilipomsimulia alilia mpaka akasahau gari la buluu. Nilipofika mama alikuwa ameketi karibu na lango. Hakukimbia. Akaomba kukaa kwenye kiti alichokalia mwanawe. Nikamfungulia mlango. Akakaa, mkono mmoja akiupitisha juu ya ngozi ya kiti, mkono mwingine akila. Alikula yote, polepole, kama mtoto mtiifu. Nami mjinga nikafurahi. Nikajiambia kazi niliyotumwa nimeimaliza, marehemu sasa atalala.

Nikamwuliza usiku atapika nini, nimwongezee nyama kidogo.

"Nimpikie nani?" akasema.

Sikulielewa neno lile mpaka safari iliyofuata. Nilipiga honi, hakutoka mtu. Jirani yake mmoja akaja langoni akaniambia wamemzika. Hakuugua. Alikuwa ameacha kutafuta kuni, akaacha kuamka mapema kupanga foleni ya maji, jiko halikuwashwa tena, na asubuhi moja hakuamka. Jirani akasema walikuwa wakishangaa sana siku zote jinsi mwanamke aliyekonda vile alivyokuwa na nguvu za kupika kila jioni.

Nilikaa ndani ya pikapu nikamtukana yule kijana. Ndiyo, nilimtukana maiti, kwa sauti, kwa jina la mama yake ambaye naye sasa ni maiti. Alitaka ale, na alikula. Hakujua kwamba ile sahani ndiyo iliyokuwa ikimwinua kitandani. Mimi pia sikujua. Nani angejua?

Tangu siku hiyo hakunitokea tena. Kafyu iliondolewa, vijiji vikavunjwa, watu wakarudi mashambani kwao. Pikapu sikuiuza mpaka ilipokufa yenyewe, kwa kuogopa itamkuta mama mwingine. Nimekula nyama ya kila namna katika kazi yangu, lakini githeri hainipiti kooni hata leo, na wajukuu hunicheka.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari lililotumika, sikukatazi. Lichague kwa kazi yako na kwa barabara zako, usichague kwa kung'aa. Lakini ukiona mtu kando yako ambaye hukumpakia, akakuomba umpelekee mamaye ujumbe, mkubalie kwa mdomo, kisha upite pale nyumbani bila kusimama. Utauona moshi jikoni. Mwache apike.